Vita Alivyoshinda Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe na wifi pamoja na watoto. Natumaini kile kikohozi kimekuachia usingizi na kazi zinakwenda. Sisi huku tu wazima wa mwili; wa akili sina hakika. Kwenye simu huwa nakujibu "hatujambo" nikakata, kwa sababu baba husikiliza hata pumzi zangu. Leo nimekaa dukani, waliovunja miwani ni wachache, na lazima nimwambie mtu kabla sijapasuka.

Kaka, meza ya chakula hatuna tena. Iko palepale, ila imechukuliwa na jeshi. Baba ameitandaza ramani yake ya vita vya mto, na mimi na mama tunakula tumepakata sahani kama wasafiri. Wimbo wake unaujua tangu utotoni: betri za redio ziliingia maji, amri ya kufyatua mizinga haikufika kilimani alikokuwa yeye, daraja likaanguka mikononi mwa adui, na mpaka ukawekwa mtoni hadi leo. Tofauti ni kwamba tangu astaafu, baba hasimulii tena jinsi tulivyoshindwa. Anashinda. Kila alasiri, baada ya kulala kidogo, anashinda vita.

Vifaru ni vizibo vya soda. Askari wa miguu walikuwa vifungo vya mama, na vilipokwisha, skrubu za miwani ninazoleta nyumbani zikaandikishwa jeshini bila kuulizwa. Mshirika wake ni kinyozi wa pale kona, ambaye katika vita vile alikuwa mpishi wa kikosi, lakini mezani kwetu amepanda cheo hadi jenerali. Lau redio zingefanya kazi, wanasema, mizinga ingelia, mji wa ng'ambo ungesalimu amri kabla ya jua kuzama, na serikali ya wakati ule isingeanguka.

Na ukishashinda vita, ndugu yangu, lazima utawale. Wakaunda baraza la mawaziri. Baba akawa rais wa muda, na huo muda ukarefuka, kama ilivyo desturi ya muda. Kinyozi akapewa wizara ya ulinzi, akaitumia vibaya: siku moja alileta vitani ndege zisizo na rubani. Baba akasema ndege hizo zilikuwa bado hazijatengenezwa. Kinyozi akajibu kwamba kama betri zilizokufa zinaweza kufufuka, kwa nini ndege ambazo hazijazaliwa zisiruke? Baba akamfuta kazi. Ubaya ni kwamba alimfuta akiwa kwenye kiti chake, povu usoni, na kinyozi akaweka wembe chini akasema hawezi kumnyoa mtu aliyemdhalilisha. Baba alirudi nyumbani kidevu nusu. Mama ndiye aliyemmalizia, taratibu. Ilinibidi niende mimi, mtu mzima mwenye kazi zangu, kumsihi kinyozi arudi serikalini.

Nilidhani huo ndio mwisho wa vituko. Kumbe friji nalo likaacha kugandisha.

Fundi aliyekuja ni mzee mpole, mtu wa maneno machache. Amelala chini nyuma ya friji, na baba, ambaye hawezi kuona masikio mawili yamekaa bure, akaanza kumhutubia. Alimweleza kwamba vita vyote viko kwenye kombora la kwanza. La kwanza, alisema akigonga ramani, linaangukia bomba hili refu la moshi, maana juu yake amekaa mpelelezi wa adui anayeelekeza mizinga yao. Ukimwondoa huyo, mji ni wako.

Fundi akajitoa taratibu, bisibisi mkononi. Akasema, "Mzee, samahani. Juu ya bomba lile hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa askari upande wa pili. Kile kilikuwa kiwanda cha mikate, na raia walijificha kwenye ghala chini ya tanuri, kwa kuwa kuta zake zilikuwa nene."

Kinyozi alianza kutafuta kofia yake. Mama aliingia na sinia la chai. Alilitua katikati ya ramani, juu ya mto na daraja na vizibo vyote.

"Hazikuwa nene kiasi hicho," alisema. "Mimi nilikuwemo."

Kisha akamgeukia fundi akamwambia jambo kwa lugha ambayo sijapata kuisikia kinywani mwake maisha yangu yote. Fundi akasimama wima kama mtoto aliyeitwa na mama yake, akajibu kwa lugha hiyohiyo, machozi yakimlengalenga. Halafu mama akamwangalia baba.

"Baba watoto, hiyo nchi yako uliyoshinda. Mimi niko wapi humo?"

Mama akaingia chumba chako, akafunga mlango.

Sasa kaa chini, Kaka, kama hujakaa. Mama yetu ni wa ng'ambo. Zile habari za kwao milimani, na kwamba ndiko ulimi wake ulikopata ule uzito, zilikuwa za kutunyamazisha sisi na majirani, kwa sababu miaka ile watu wa ng'ambo walirushiwa mawe barabarani. Yote haya alinieleza mwenyewe, nimekaa kitandani pako. Baba yake alikuwa mwoka mikate wa kiwanda kile. Daraja lilipoanguka, baba yetu akatekwa, akawekwa na wenzake kwenye shule ya mji ule, na binti wa mwoka mikate ndiye aliyewapitishia mkate dirishani. Wakituambia walikutana kambini, sisi tulifikiri kambi ya jeshi. Mateka walipobadilishwa, mama akamfuata.

Nilimwendea baba nikiwa nimefura. Unajua utetezi wake? Amesahau. Amemzoea mama akiwa wa hapa, anasema, mpaka mji ule ukabaki ramani tu. Nikamwambia kwamba mtu anayesahau mkewe ametoka wapi hafai kukabidhiwa hata manati. Sikuwa na heshima, najua, na wala sijaomba radhi.

Hakunikemea. Alisema jambo ambalo hajawahi kulisema katika miaka yote ya wimbo wake. Siku ile kilimani mzinga wake ulikuwa umekwisha kulengwa kwenye bomba la moshi. Kombora lilikuwa ndani. Lililobaki ni neno moja redioni. Wakangoja mchana kutwa, wakizilaani betri. Na yeye amezilaani mpaka juzi.

Akainuka, akasimama nje ya mlango wa chumba chako, akamwambia mama maneno hayohayo. Mama akamjibu kutoka ndani kwamba anajua. Alijua tangu siku ya kwanza ramani ilipotandazwa na kidole chake kilipogusa pale. Alinyamaza, akaendelea kuleta chai, akidhani mtu akiipiga nyumba moja kila alasiri, iko siku atauliza nani anaishi humo.

Baba akasema atachoma ramani. Mama akamwambia asimletee moshi ndani ya nyumba. Hataki ramani ichomwe, wala hataki pole. Anataka kwenda kwao. Daraja limefunguliwa kwa wasafiri miaka mingi sasa, na hajawahi kuomba.

Fundi ameulizia kwa jamaa zake. Tuna mjomba, Kaka. Yu hai, na bado anaoka mkate palepale. Ametuma neno kwamba dada yake aje hata kesho. Kuhusu shemeji yake hakusema kitu.

Tunaondoka Jumamosi, sote watatu. Na hapa ndipo ninapochoka kabisa. Rais aliyeuvuka mto ule kila alasiri sasa ananiuliza kama basi lina breki. Ananiuliza kama pale mpakani wazee huulizwa walifanya nini. Fundi amemfundisha salamu ya kule, naye anaikosea vibaya, akizunguka sebuleni akiirudia hadi nimetamani warudie vita. Jana mama alishindwa kuvumilia, akamsahihisha kutoka nyuma ya mlango. Mlango hakuufungua. Lakini amesema kwenye basi baba akae dirishani, karibu naye, ili atazame.

Nakuomba upige simu kabla ya Jumamosi, na usiombe kuongea na baba. Muulize mama jina la mji wao. Anasubiri mtu amuulize.

Wabusu watoto, msalimie wifi, waambie shangazi yao anawakumbuka. Afya yako iangalie. Yakinishinda huko ng'ambo, mtanipokea.

Ni mimi mdogo wako mwenye kuchoshwa na akupendaye,

Kidomo