Salamu Yako Mbele ya Kamera

Mama yangu wa Butembo,

Mi niko Kasese, muzima, nimenona kama mbuzi ya Noeli. Niko natafsiria madamu moja wa televizio ya Ufaransa. Miaka mingi walimukalisha kwa kiti acheke tu na kutangaza filimu yenye inakuja. Akachoka, akaomba kazi ya mujurnalisti. Safari yake ya kwanza ndiyo hii.

Jana, kwa bariera ya njia ya Bwera, pale wanasimamisha magari, askari akashika kamera: "Leta hapa, majasusi nyinyi!" Bila kamera, madamu anarudi kwa kile kiti.

Basi akatoa kicheko yake ya zamani, akatangaza: "Na sasa, mbele yenu, afande!" Nikatafsiri.

Askari akauliza: "Watu wa Ulaya wataniona?"

"Wote, afande!"

Akarudisha kamera mbio, akanyoosha kofia, sauti ikalainika: "Mama, mi niko muzima." Na mi nikarukia pale: "Mama, hata mimi Paluku!"

Kilima ya mbele, madamu akaniambia filimu ya ndani ya kamera iliisha tangu asubuhi. Tulicheka mpaka Kasese.

Kwa hiyo usiende kutafuta televizio kwa mapadri, mama. Salamu yako ni hii kadi. Ikumbatie.

Mutoto wako mukorofi,
Paluku