Dawa ya ngombe juu ya paka

Masisi, 1954

Epiphanie, usimupake paka yako ile dawa ya kupe niliyokugawia jana. Hata tone moja. Salamu nitatuma kesho.

Paka yangu anakufa. Mimi njo nimemuua.

Unajua alivyokuwa anatoka manyoya mugongoni, karibu na mukia, ngozi wazi. Nikasema: ngombe zetu zikijaa kupe na kutoka manyoya tunaziogesha dawa, zinapona. Asubuhi nikamuogesha vilevile. Saa sita anatetemeka, miguu ya nyuma haisimami.

Nikaita Papa Kanamugire, munganga wa ngombe. Akapanua manyoya kwa vidole, akanionyesha punje nyeusi. "Mama, haya ni mavi ya viroboto. Alikuwa anajikuna na kujiuma, njo maana manyoya yanatoka. Kitana na sabuni vingetosha."

Nikasema, lakini dawa iko ileile ya ngombe! Akanijibu:

"Ngombe hajilambi mwili wote, Mama. Paka, kujilamba njo kuoga kwake."

Njo kuoga kwake, Epiphanie! Miaka yote hii ninamuona akijilamba mulangoni, na sikuwaza.

Kama umekwisha kumupaka, umuoshe na sabuni mara tatu, umufunge kitambaa asijilambe. Usiningoje.

Nilikuwa ninasali, Papa Kanamugire akaniita tena. Watoto watatu wa paka walikuwa wangali wananyonya, kwenye tumbo lile lenye dawa. Nimewatoa. Mumoja tayari anatoka mate.