Pumzi ya Mama Furaha wa Kirolirwe

Mama mpenzi,

Hujambo na baridi ya huko? Hapa Kirolirwe ukungu unashuka hadi migongoni mwa ng'ombe, nami nakunywa maziwa ya moto asubuhi na jioni.

Leo zahanatini tulimpokea Mama Furaha, muuza maziwa. Amekohoa muda mrefu, kifua kinalia filimbi. Vipimo vya makohozi havikuonyesha kifua kikuu, lakini nyumbani walishamtengea sahani na kikombe, wakiogopa kuambukizwa. Nilimpa mashine ya kupima pumzi apulize kwa nguvu. Mstari kwenye kioo ulipanda kidogo tu, ukalala.

"Docta, mapafu yangu ilishakufa?"

"Ngoja kwanza, Mama."

Nikamvutisha dawa ya kufungua njia za hewa, tukakaa tukiongea habari za ndama wake. Alipopuliza tena, mstari ulipanda juu sana. Nikamwonyesha.

"Njia ya pumzi ilijifunga, sasa imefunguka. Hii iko pumu, Mama. Haiambukize muntu, na dawa yake iko."

Akaomba nitoke nje nimwambie binti yake mimi mwenyewe. Binti alisimama mbali, mtoto mchanga mgongoni. Nilipomaliza kueleza, alifungua kitenge, akamweka mtoto mikononi mwa Mama Furaha kwa mara ya kwanza. Bibi alimnusa kichwani, akalia, akacheka.

Nilikuwaza sana, Mama. Mungu akulinde, ulale vizuri, na umbusu Papa.

Binti yako,
Neema