Gazeti Ndani ya Chesesi

Shelui, 5 Mei 2024

Mdogo wangu Gerald,

Hujambo na nyumba yako? Sisi tunapumua, alizeti tumeanika, na shemeji yako Mathayo yuko gereji kwake kama kawaida.

Nimerudi kutoka kwako Utemini na kinyaa kisichoisha. Mwalimu mzima wa Jiografia nakukuta umelala kwenye kochi na vipande vya kiazi machoni, ati mwanga wa kuchomelea umekuunguza. Hadi chai yako inanuka chuma kilichoungua. Na yote hayo ni kujifurahisha Jumamosi. Wenzako wanafuga kuku.

Kilichonichefua zaidi ni kuikuta pikapu ya baba uani kwako. Mama alifia mle, Gerald, pale mteremko wa Sekenke, na wewe unaifanyia mazoezi. Baba kule Mgori anaamini alisinzia kwenye usukani akamuua mkewe. Akiiona itammaliza. Wape watu wa chuma chakavu.

Dada yako,
Agripina

Utemini, 19 Mei 2024

Dada, shikamoo.

Macho yamepona. Barua hii isome peke yako. Simu yako Mathayo huishika, ndiyo maana nimempa Dina, anayekuja huko kununua mafuta ya alizeti, akukabidhi mkononi.

Nilitaka baba aione inatembea tena, basi. Jana nikaanza chini, kwenye chesesi, ule uti wa mgongo wa gari. Fundi anayenifundisha anasema gonga kwanza kwa nyundo: chuma kizima kinalia, kibovu kinanyamaza. Karibu na pale ilipokatika kikanyamaza. Nikakwangua rangi. Ni puti, dada, ile lipu ya kuziba mabonde kabla ya rangi. Puti juu, na ndani gazeti lililosokotwa kujaza ufa. Hakuna alama hata moja ya kuchomelea.

Unakumbuka ule ufa baba alimpelekea nani, wiki moja kabla ya safari? Mathayo alisema amechomelea, akapokea na jogoo wa shukrani. Sisi tukadhani chesesi ilikatika kwa kuanguka. Msibani yeye ndiye aliyesimama akasema mzee alisinzia, na baba, aliyeamka hospitali bila kukumbuka kitu, akakubali.

Mimi ni fundi wa Jumamosi tu, labda nakosea. Muulize.

Mdogo wako,
Gerald

Utemini, 16 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Mwezi mzima kimya. Dina anaapa alikupa mkononi. Kama nimekukosea, niambie.

Gerald

Mgori, 23 Juni 2024

Mdogo wangu, marahaba.

Ndiyo, naandika kutoka Mgori. Niko kwa baba tangu Alhamisi, na nguo zangu zote.

Nilimuuliza Mathayo jioni ileile niliyopata barua yako. Hakukana. Alisema siku ile umeme ulikatika na mzee alikuwa na haraka. Kisha akasogeza bakuli niongeze mlenda. Nikamwongezea, Gerald. Mkono huu bado unanitia kinyaa. Nikakaa naye mwezi mzima, nikiwaza watu watasema nini.

Jumatano nikachukua mchi nikagonga kitanda chetu cha chuma, kile alichokichomelea mwenyewe mwaka tuliooana. Kona zote nne zimelia vizuri kabisa. Kazi anaijua.

Pikapu usiiuze. Ichomelee, uilete.

Baba nimemweleza yote. Hakutukana, hakulia. Ameuliza tu, "Kwa hiyo sikusinzia?" Nikamwambia hukusinzia, baba. Leo asubuhi, kabla hajanawa uso, ameuliza tena.

Dada yako,
Agripina