Mawe ya Bwana Mkubwa

Kitinda mimba wangu,

Mimi sijambo, sina hata kikohozi. Bwana Mkubwa, yule samaki mwekundu uliyeniachia, naye hajambo, ila ukorofi haujamtoka. Nilimwonea huruma kukaa peke yake, nikamnunulia mwenzake mwenye mapezi marefu ya kupendeza. Weee! Alimkimbiza tangi zima mpaka nikamwokoa yule mgeni kwa upawa.

Muuza samaki alinicheka. "Mama, tangi lenyewe dogo, halafu unamletea mrembo mwenzake? Mpe wadogo, wapole, wanaokaa chini. Na kabla hujawatia, hamisha mawe yote. Akiona nyumba mpya, hatasema kila kona ni yake."

Nikahamisha. Sasa wadogo sita wanachokoa mchanga kule chini, naye anajipitisha juu kama bwana harusi.

Aliyenishikia ndoo ni fundi saa wa mtaa wa pili, yule aliyefiwa na mkewe. Huja kila jioni kuwatazama, ingawa siku hizi yeye hawatazami sana hao samaki. Juzi aliniposa, mwanangu. Nilicheka hadi nikashika ukuta! Jibu sijampa. Najua bado unamlilia baba yako, na mimi pia siku nyingine humlilia.

Lakini leo asubuhi nimegeuza sebule nzima. Kiti cha marehemu nimekisogeza dirishani, penye jua. Njoo ukikalie, uione nyumba mpya.

Mama yako,
anayesubiri jibu lako, tena upesi.