Karanja wa Nyumba ya Kioo

Mirdif, Dubai

Kwako Baba,

Pokea salamu zangu. Goti lako linaendeleaje? Na ile dawa ya kupaka niliyotuma, unaipaka, au umemgawia jirani kama ile ya mwaka jana? Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii nimemkabidhi binti wa jirani yetu anayekuja likizo, kwa kuwa haya siwezi kuyasema kwa simu huku dada amesimama kando yako akisikiliza.

Baba, nimekukosea, na ni afadhali uyasikie kwangu mwenyewe.

Unajua kazi yangu ni kutunza wanyama wa arbab, mwenye nyumba hii, katika banda la kioo huko nyuma. Sikuwahi kukueleza ni wanyama gani. Ni popo na aguti, wote wa Amerika ya Kusini. Aguti ni jamii ya panya, ila ana ukubwa wa sungura na miguu myembamba kama ya paa. Usicheke. Daktari wao, mama wa Kikolombia, aliniambia kwamba mababu wa hawa walitoka kwetu Afrika mamilioni ya miaka iliyopita, pengine wakasukumwa na bahari juu ya magogo, na kwamba nungu anayekumalizia viazi shambani ni binamu yao wa mbali. Nikamwambia, basi nao ni wahamiaji kama sisi.

"Walifika wachache," akasema. "Na wachache wakizaana wenyewe kwa wenyewe, wengi hufa. Sisi tunaona wajukuu wa waliopona tu."

Huko kwao sasa, alisema, ukivuka mto unaweza kukuta aguti wa rangi nyingine na damu nyingine. Sisi tulianza na jozi mbili.

Watoto walitakiwa wavishwe namba sikioni. Namba zikaisha, msimamizi akasema andika jina lolote mpaka zije, na hazikuja. Mimi nikawapa majina kwa desturi yetu. Dume mzee, kwa jinsi anavyoshika chakula kwa mikono miwili na kutafuna polepole akikukagua, nikamwita Karanja. Jina lako. Jike lake nikamwita Wambui, kama mama. Wana wao walipozaa na mabinti wa ile jozi ya pili, kila nyumba ikapata kifungua mimba wa kiume Karanja na wa kike Wambui, maana kwetu ndivyo babu na nyanya wanavyorudi. Nikawa na akina Karanja watano. Nilimjua kila mmoja kwa sura, kama wewe unavyowajua wajukuu wako. Katika kitabu cha kumbukumbu za banda waliandikwa Karanja tu.

Mzee Haji, dereva wa arbab, ni Mzanzibari. Alinionya. "Weye Njuguna, mnyama hapewi jina la mzazi. Utakuja juta." Nikamcheka.

Nilipokuja kumzika mama, daktari akataka kuoanisha wale vijana. Akafungua kitabu changu, akachukua Karanja mmoja na Wambui mmoja akidhani ni wa nyumba mbili. Niliporudi niliwakuta kibanda kimoja, na pale pale nikajua. Baba mmoja, mama mmoja. Kwetu hata mtoto wa mjomba huoi!

Ningesema siku ile, wangetenganishwa. Lakini kusema ni kukiri kwamba kitabu changu hakina maana, na kazi hii ndiyo inayotulisha. Nikanyamaza. Baada ya mwezi mke wangu akanipigia kwamba ana mimba, nikazidi kunyamaza. Kila asubuhi nilimpelekea yule jike kipande kikubwa cha papai, na kila asubuhi nilijiona mwongo.

Aguti huzaliwa na manyoya, macho wazi, na siku hiyo hiyo anakimbia. Wa kwanza alitoka amekufa. Wa pili hakuwa na macho kabisa, na mama yake akamkataa. Nilimnywesha maziwa kwa bomba la sindano. Aliishi siku nne.

Daktari akapeleka manyoya yao maabara, na vinasaba vikasema nililolificha. Akaniita.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nirudi kutoka mazishini."

Hakunigombeza. Alisema nyumba ile yote, kuanzia yule dume mzee, ina kasoro katika damu, haifai kuzaa wala hakuna atakayeichukua. Arbab alipoelezwa alijibu neno moja, khalas, yaani basi, wamalizwe. Daktari alimsihi, hakusikilizwa. Watadungwa sindano ya kufa. Popo hawakuguswa. Wale ni wengi, huchaguana wenyewe gizani, na sikuwahi kumpa hata mmoja jina. Mimi pia sijafukuzwa. Mzee Haji anasema hiyo ndiyo adhabu yenyewe.

Msalimie dada anayekupikia, na shangazi wa dukani, umwambie kitambaa chake nimekipata. Mke wangu usimwambie haya. Nitamwambia mwenyewe.

Mwezi ujao, Mungu akimjalia mtoto wa kiume, kwa desturi ni Karanja. Ndiyo sababu nimeandika. Jina ni lako, mimi nimelichezea. Ukisema mtoto apewe jingine sitabisha, ila nitalia.

Utakapoisoma barua hii, mambo yatakuwa yamekwisha. Kesho, baada ya chai ya asubuhi, ni zamu ya yule dume mzee. Hafai kukamatwa kwa wavu, ana mbio, atajiumiza kwenye kioo. Huja kwa mtu mmoja tu, akiitwa. Daktari ameniomba nimwite. Nitasimama mlangoni na papai mkononi, Baba, nitaita jina lako, naye atakuja.

Ni mimi mwanao,
Njuguna