Mafuta ya Cherehani kwenye Rimu

Wanyonyi, ndugu yangu,

Cherehani inalia. Tangu tukuzike sijaitia mafuta, na kila nikikanyaga pedali inapiga kelele mpaka Mama anauliza kutoka jikoni, "Nasimiyu, si uitie mafuta?" Namwambia yameisha. Hayajaisha. Kopo liko chini ya vitambaa, limebaki nusu, na ile nusu nyingine iliisha kwa baiskeli yako. Pengine ulikufa bila kujua. Hilo ndilo linanimaliza.

Ngoja nikuambie polepole, kwa sababu sijamwambia mtu mwingine.

Unakumbuka ulikuja Jumamosi kutoka Kitale, umejaa matope mpaka masikioni, na kesho yake ulikuwa uende kwa kina Nafula, mchumba wako, wazazi wake wakuone. Ulituambia Mzee Njoroge, fundi wa baiskeli zenu za kubeba abiria pale stage ya bodaboda, amekuwekea raba mpya za breki. Ukasema sasa ukigusa tu mkono wa breki, baiskeli inasimama kama mtu aliyeitwa jina. Ukaingia kuoga ukiimba, na bana, ulikuwa hujui kuimba. Mimi nikabaki na baiskeli. Nilitaka wakwe zako waone kijana anayejitunza. Nikasugua madigadi yanayokinga matope, nikapanguza spoki moja moja, nikatia cheni mafuta ya cherehani. Halafu nikaona rimu zina kutu.

Wanyonyi, mimi ni fundi wa nguo. Chuma kikisuguana na kitu, mimi natia mafuta, ndivyo nilivyofundishwa. Nikapaka rimu zote mbili, mbele na nyuma, nikazing'arisha kwa kipande cha sare ya shule mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Asubuhi ulicheka ukasema, "Dada, hii hata naogopa kuikalia." Ukaikalia. Ukaenda.

Kutoka kwetu Matulo mpaka pale juu ya mteremko ni tambarare, na Jumapili barabara haina watu. Hukuwa na haja ya breki hata mara moja. Manyunyu yalikuwa yameanza. Chini, karibu na daraja, lori la miwa lilikuwa linageuza. Dereva alisema alikuona umeng'ang'ania breki zote mbili, mwili wote umeegemea nyuma, na baiskeli haikupunguza mwendo hata kidogo. Nayasikia hayo maneno kila siku nikishona.

Mama alisema ni raba. Ati huyo mzee wa Kitale alikuwekea raba mbovu, ndiye aliyekuua. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, kando yake, na nikanyamaza. Wajomba wakaenda Kitale wakamsema mbele ya watu wote pale stage. Sasa hakuna anayempelekea baiskeli, Wanyonyi. Vijana aliowatengenezea miaka yote wanampita wakisukuma baiskeli zao kwenda kwa fundi mwingine. Wengine wanasema kazi yake afunge tu.

Nilienda kumwona. Nitakuambia ukweli, sikwenda kwa wema. Nilitoa raba moja kwa baiskeli yako, ile ya mbele, nikaenda nayo nikitumaini ataiangalia aseme ndiyo, ilikuwa mbovu, makosa ni yake. Nilitaka sana iwe yeye.

Alinikaribisha, akanipa kigoda, akalia kidogo kwa ajili yako. Halafu akanionyesha kwa baiskeli iliyokuwa hapo. Ukivuta mkono huu, chuma hiki kinapanda, kinavuta raba mbili zinabana rimu. Ni kushikana tu, akasema, hakuna kingine kinachomsimamisha mtu. Nikamuuliza juu ya mvua. Nilimuuliza kama mtu anayeomba. Akasema maji yanasumbua kwa mizunguko miwili mitatu, halafu raba inayapanguza, inashika. Lakini mafuta raba haiyapanguzi, inayanywa.

Akaiweka ile raba yako puani. Akanusa. Akanusa tena. Mke wake anashona, mashine iko pale pale nyuma ya banda, hiyo harufu anaijua. Akaangalia vidole vyangu, akaangalia futi ya kupimia niliyosahau shingoni. Akauliza kitu kimoja tu.

"Nani aliosha baiskeli?"

"Sijui, Mzee."

Hakunigombeza. Aliifunga raba kwa gazeti, akanirudishia, akaniambia nimsalimie Mama. Huyo Mama anayemwita muuaji. Nilifika nyumbani nikaificha chini ya vitambaa, kando ya kopo.

Jumamosi hii wazee wetu wamemwita Mzee Njoroge hapa Matulo ajibu. Ametuma neno kwamba atakuja. Na mimi najua hatasema kitu. Kile kipande cha raba ndicho pekee kingemtetea, na yeye mwenyewe alikiacha mkononi mwangu. Angeniambia hata neno moja baya, ningepata pa kushika. Sasa nitashika wapi?

Naogopa, ndugu yangu. Siogopi wajomba, wala watu. Naogopa uso wa Mama. Amebaki na mimi peke yangu. Nikisema, atabaki na nani? Anakula kwa sababu mimi nimepika, analala kwa sababu mimi niko chumba cha pili. Mara tatu nimefungua mdomo, mara tatu nimemuuliza kama anataka chai. Usiponisaidia sijui nitafanyaje, na najua huwezi kunisaidia, na bado nakuomba.

Lakini nakuahidi hivi. Jumamosi, kabla Mzee Njoroge hajapewa kiti, nitaleta kopo la mafuta na ile raba, niviweke mezani mbele ya Mama. Nitasema mimi ndiye niliyeosha baiskeli. Nitasema nilitaka upendeze. Akinifukuza, nitatoka. Akilia, nitakaa hapo hapo.

Pumzika, Wanyonyi. Kama pale mteremkoni ulijua ni mimi, nisamehe. Kama hukujua, basi leo umejua, na wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa. Anayefuata ni Mama.

Dada yako,
Nasimiyu